Ukame wa Majimaji

Ilikuwepo nchi, na kama bado ipo basi Mungu aizidishie subira, iliyoitwa Jamhuri ya Mbelembele. Ilijaaliwa kila kitu isipokuwa mvua. Mvua ilikuwa imeadimika kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto wa shule walipoambiwa wachore wingu, walichora moshi wa tanuri. Katika wilaya ya Bondeni, Mto Mkuza ulikauka mpaka wachuuzi wakaupangia siku ya gulio, wakawa wanauza mitumba na vibanzi vya muhogo katikati ya mkondo, pale ambapo babu zao walikuwa wakiliwa na mamba.

Lakini Mbelembele haikuwa nchi ya kukaa na kushika tama. Serikali iliunda Kamati ya Ukame. Kamati ikazaa Idara, idara ikanenepa, ikawa Wizara. Ndicho kitu pekee nchini kilichostawi bila kumwagiliwa. Ilikuwa na magari yasiyojua matope, ilikuwa na semina, ilikuwa na wimbo wake, na kila mwaka ilikuwa na Wiki ya Ukame, ambapo wananchi waligawiwa fulana zenye picha ya ndoo tupu.

Mkurugenzi wa Ukame wa wilaya ya Bondeni aliitwa Makame Vuai. Watu walimwita Makame wa Ukame, naye hakuchukia. Hakuwa mtu mbaya. Mwanzoni, alipokuwa bwana shamba tu, alilala juu ya malori ya maji ili yasiibiwe njiani, na alibeba madumu begani kuwapelekea wazee wa vijiji ambako gari halikufika. Siku hizo alikuwa mwembamba na alilia mara mbili tatu mbele ya mizoga ya ng'ombe. Kisha wakampa ofisi, ofisi ikampa kiti, na kiti, kama tujuavyo, humfundisha mtu mambo yake polepole. Aliendelea kuitaka mvua, ila aliitaka kama daktari anavyotaka afya ya watu: kwa jumla, si wagonjwa wote wapone siku moja.

Wataalamu wa Wizara walipokuja wakaupima Mto Mkuza, waliandika kwamba mto huo umestaafu. Ndivyo walivyoandika. Na kwa kuwa mstaafu hana haja ya nafasi kubwa, mkondo wake ukakatwa viwanja. Makame mwenyewe ndiye aliyekata utepe. Kiwanja cha kwanza akampa mama yake, Bi Mwanakombo, aliyekuwa akisumbuliwa na magoti na asiyeweza tena kupanda kilima kwenda sokoni. Bibi huyo alijengewa nyumba ya vyumba viwili na paa la bati, akashukuru, akasema mwanawe amemsogezea soko mlangoni.

Jirani yake alikuwa Faki, muuza mkaa, mtu mrefu mwenye mikono myeusi hadi viwikoni, pamoja na mkewe Riziki. Faki ndiye aliyemsaidia bibi kutundika mlango, na Riziki ndiye aliyempikia uji siku ambazo magoti yalikataa.

Basi ikafika Wiki ya Ukame. Mwaka ule ilikuwa kubwa kuliko zote, kwa sababu Rais wa Mbelembele alikuwa amesafiri kwenda nchi ya baridi, kwenye Mkutano wa Nchi Kavu, kuwaeleza wahisani jinsi taifa lake linavyokauka kwa heshima. Waziri wa Ukame, Mheshimiwa Dokta Bakunja, alikuja Bondeni Jumamosi kufungua sherehe. Jukwaa likapambwa kwa magunzi. Ngoma zikapigwa. Waziri akasimama, akakohoa, akafungua hotuba yake.

"Ndugu wananchi," alisema, "leo nimekuja kukanyaga vumbi lenu."

Tone la kwanza likaangukia karatasi. Waziri akalifuta kwa kidole. La pili likaangukia miwani. Wananchi wakatazama juu, kama watu walioitwa jina na mtu waliyemzika. Kisha mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na uwanja mzima ukalipuka. Watu wakavua viatu. Wazee wakafumbua vinywa juu kama makinda. Makame alisimama nyuma ya Waziri, maji yakimtiririka shingoni, akashangaa kwamba anatabasamu.

Waziri alikuwa mtu wa nidhamu. Hotuba ilikuwa imeidhinishwa, kwa hiyo aliisoma yote. Alisoma sehemu ya vumbi, akasoma sehemu ya nyufa za ardhi, akaomba dakika ya ukimya kwa ajili ya visima, huku mpambe akimfunika kwa mwavuli wa jua ambao wino wake wa rangi za taifa ulikuwa ukichuruzika na kumwingia kolani. Alipomaliza alimgeukia Makame.

"Nini hii?"

"Mvua, Mheshimiwa."

"Makame," alisema Waziri kwa upole, "Rais anahutubia wiki hii. Fikiri kabla hujaita kitu jina."

Jioni ile Wizara ilitoa tamko kwamba Bondeni imepatwa na unyevunyevu wa muda. Kesho yake, mvua ilipokuwa bado inanyesha na barabara ya gulio imekuwa kijito, tamko likarekebishwa. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba kuna aina mbili za ukame: ukame mkavu, ambao ndio wa kawaida, na ukame wa majimaji, ambao ni mkali zaidi kwa sababu humkuta mwananchi hajajiandaa. Wananchi waliombwa watulie na waendelee kubana matumizi ya maji.

Mto Mkuza haukuwa umesoma taarifa ya kustaafu kwake. Ulirudi kazini Jumatatu asubuhi, wanawake wakiwa jikoni. Kwanza ulisikika mngurumo kutoka milimani, watu wakadhani ni malori. Kisha ulitokea ukuta wa maji ya kahawia, umebeba magogo, mbuzi, milango na mabango ya Wizara ya Ukame, ukapita katika viwanja vyote vilivyopimwa bila kuuliza hati.

Makame alipata habari akiwa ofisini kilimani. Simu ililia. Alikuwa mama yake.

"Makame, mwanangu, niko juu ya paa."

"Paa gani, mama?"

"Paa langu. Nina mapaa mangapi? Faki kanibeba mgongoni kanipandisha. Sasa kaenda kumfuata mke wa mshona viatu. Maji yamefika kwenye madirisha."

"Usitoke hapo, mama."

"Niende wapi? Nimekupigia kukuuliza jambo. Riziki yuko hapa na redio yake ndogo, na redio inatuambia kila tone ni tunu, tuchote tulipo. Ni wewe uliyewaagiza waseme hivyo?"

Tangazo lile alilisaini Makame mwenyewe, zamani.

"Maana sisi tumeshachota," aliendelea bibi, "mpaka vitanda vimejaa."

Makame alipiga simu kwenye ghala la uokozi la mkoa, ambako Sajini Pandu alilinda mashua za serikali. Mashua hizo zilitolewa tu siku ya gwaride, zikavutwa juu ya matrela mbele ya viongozi.

"Bwana Mkurugenzi," alisema Sajini, "mashua ninazo, nimezipaka rangi juzijuzi. Mafuta yapo. Vijana wapo, wamevaa na majaketi. Nisichokuwa nacho ni mafuriko."

"Mafuriko yako hapa, Sajini. Mama yangu yuko juu ya paa."

"Pole sana. Mwamkie. Lakini sheria ni wilaya moja, janga moja. Mnakumbuka ilivyokuwa, wilaya zilikuwa zikijilimbikizia majanga, moja linachukua nzige na kipindupindu kwa pamoja, nyingine haina kitu. Bondeni mmeandikwa ukame. Nikileta mashua kwenye ukame, nitafungwa kwa ubadhirifu."

"Basi utolewe huo ukame."

"Utolewe na nani, Bwana Mkurugenzi? Ukame wa wilaya unatolewa na Mkurugenzi wa Ukame wa wilaya, kwa kinywa chake, hadharani. Sheria haitaji mwingine." Sajini akashusha sauti. "Nadhani walioitunga hawakufikiri kama kuna mkurugenzi atakayemaliza kazi yake mwenyewe. Lakini imeandikwa."

Makame alikata simu, akabaki ameishika. Maisha yake yote ofisini hakuwahi kujua kwamba ana uwezo wowote. Alizoea kuomba, kupeleka mapendekezo, kusubiri majibu. Sasa aliambiwa kwamba janga zima lilikuwa likining'inia kwenye ulimi wake, pamoja na gari, nyumba ya serikali, na karo ya wanawe. Alifanya alichofundishwa kufanya. Alikwenda kumuuliza mkubwa.

Waziri alikuwa amekwama katika nyumba ya wageni ya serikali, kilimani, barabara ya kurudi mji mkuu ikiwa imekatika. Makame alimkuta mezani, akila kuku wa kupaka, dirisha limefungwa ili asisikie mto.

"Mheshimiwa, watu wako juu ya mapaa. Nyumba zinaanguka."

"Nimeambiwa. Wanahitaji nini zaidi?"

"Mashua. Na wana kiu. Maji ya mto yana mizoga, hayanyweki."

Waziri aliweka paja la kuku chini, akafuta vidole. Uso wake ukang'aa.

"Wana kiu?"

"Tangu asubuhi, Mheshimiwa."

"Wananchi hawana maji ya kunywa, na wewe unakuja kuniambia si ukame." Aliegemea kiti. "Makame, wewe ni msomi. Ukame ni nini, kama si kukosa maji ya kunywa?"

Basi malori ya maji yakaagizwa. Yalifika ukingoni mwa Mto Mkuza mchana, yamejaa, yamepambwa mabango ya Wiki ya Ukame, na madereva wakasimama wakitazama wateja wao ng'ambo, juu ya mapaa, kila kundi na kisiwa chake cha bati. Baada ya kushauriana walimwaga maji ukingoni, ili ratiba isivurugike. Picha zikapigwa.

Makame alikuwepo. Alimwona mama yake, kijitu kidogo chenye kanga nyekundu, ameketi kwenye kipenu cha paa kama anasubiri zamu zahanati. Pembeni yake alikuwa Riziki. Na alimwona Faki. Faki alikuwa majini, amejifunga kamba kiunoni, ncha nyingine imefungwa kwenye mwembe ulioegemea nyumba ya bibi. Alikuwa akienda na kurudi tangu asubuhi, kila safari akirudi na mtu shingoni: mke wa mshona viatu, kisha mtoto wa mshona viatu, kisha kikongwe mmoja aliyekataa kuachia cherehani yake mpaka Faki akaibeba nayo. Ukingoni watu walikuwa wakimwita kwa jina, kama wanavyomwita mchezaji mpira, na kila alipotokeza kichwa walipumua naye.

Alikwenda tena. Ukuta wa nyumba aliyoiendea ulikuwa wa udongo. Makame aliuona ukiinama, taratibu, kama mzee anayetafuta pa kukaa, kisha ukakaa. Kamba ikakazika. Mwembe ukatikisika. Kisha kamba ikalegea, ikaelea juu ya maji, nyepesi.

Watu ukingoni waliendelea kuita jina lile kwa muda, halafu mmoja mmoja wakaacha. Makame alimwona mama yake akiivua kanga yake ya kichwani na kumfunika nayo Riziki, kichwa chote, kama mtu anayeifunika taa.

Aliporudi kilimani, tamko lilikuwa limekwisha toka. Redio ilisema raia mmoja wa Bondeni, mwanamume, amefariki dunia wakati akitafuta maji. Serikali ilimwita shujaa wa ukame.

"Nani kaandika hivi?" aliuliza Makame.

"Mimi," alisema Waziri. "Ni kweli au si kweli? Alikutwa wapi?"

"Hajapatikana, Mheshimiwa."

"Lakini alielekea kwenye maji." Waziri alimshika bega. "Sikiliza. Kesho asubuhi Rais anapanda jukwaani. Tumeunganisha simu mpaka ukumbini kwao. Wanataka kusikia sauti kutoka nyikani, sauti ya mtu anayeishi na ukame. Nimewapa jina lako. Utasema maneno machache, yameandikwa tayari. Redio ya taifa itarusha, na hapa tutafunga vipaza sauti ili wananchi nao wafarijike. Ukirudi kutoka hapo, Makame, wewe ni Katibu Mkuu."

Makame alisema asante. Ulikuwa ni mdomo uliosema. Mdomo wake ulikuwa umesema asante kwa miaka mingi na ulijua njia.

Asubuhi mvua ilikuwa imepungua, mto haujapungua. Mama yake hakupiga simu. Simu yake ilikuwa imekwisha moto, betri imekufa. Vipaza sauti vilifungwa kwenye mti mbele ya nyumba ya wageni, vikielekezwa bondeni. Makame alipewa simu na karatasi. Sikioni mwake alisikia ukumbi mkubwa wa mbali, viti vikisogezwa, mtu akinywa maji, kisha sauti ya Rais mwenyewe ikisema: "Na sasa, mabibi na mabwana, tumsikilize mtu aliyekaushwa."

Karatasi ilianza: Nazungumza nanyi nikiwa nimesimama juu ya ardhi iliyopasuka. Makame aliitazama miguu yake. Matope yalikuwa yamefika kwenye vifundo. Alifikiria gari. Alifikiria ile kamba jinsi ilivyoelea. Alijua kwamba akianza kusoma ataendelea mpaka mwisho, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyozoea, kwa hiyo hakuanza.

"Mimi ni Makame Vuai," alisema, na vipaza sauti vikatawanya sauti yake juu ya maji. "Ni Mkurugenzi wa Ukame, wilaya ya Bondeni. Kwa mamlaka niliyopewa na sheria, natamka hadharani kwamba ukame wa Bondeni umekwisha. Umekwisha tangu Jumamosi. Sasa ni mafuriko. Sajini Pandu, kama unanisikia, leta mashua."

Kutoka mbali ukasikika mlango wa ukumbi ukifungwa, au pengine ni simu iliyowekwa chini.

Lazima isemwe kwa haki kwamba watumishi wa Mbelembele, wakipata amri iliyo sahihi, ni wepesi kama chui. Sajini Pandu alikuwa amekaa ndani ya lori, ufunguo mkononi, redio sikioni. Kabla ya adhuhuri mashua zilikuwa majini, rangi yake mpya ikimeta, na kabla ya alasiri Bi Mwanakombo alikuwa ukingoni, amekaa juu ya dumu, akinywa chai ya rangi na kulalamika kwamba wamesahau sukari. Makame alipiga magoti matopeni akamshika miguu. Bibi alimwekea mkono kichwani, mkono wa baridi.

"Nimekusikia," alisema. "Umechelewa."

"Najua, mama."

"Mwenzako Faki hakungoja kutangaziwa." Kisha, kwa kuwa alikuwa mama, akamsogezea kikombe. "Kunywa. Una baridi kunishinda."

Waziri alimjia Makame pale pale, mpambe nyuma yake. Hakupaza sauti.

"Unajua ulichofanya?"

"Nimemaliza ukame, Mheshimiwa."

"Hapana," alisema Waziri. "Umeanzisha mafuriko."

Makame alidhani ni maneno ya hasira. Yalikuwa maneno ya kisheria. Kabla maji hayajakauka alikuwa mahakamani, akishtakiwa kwa kosa la kuleta mafuriko wilayani bila kibali. Mwendesha mashtaka alieleza kwa ufasaha. Kabla ya mshtakiwa kutamka, wilaya ya Bondeni haikuwa na mafuriko, na kumbukumbu zote za serikali zinathibitisha. Baada ya kutamka, yalikuwepo. Ni nani basi aliyeyaleta? Nyumba zilizoanguka, mifugo iliyozama, daraja lililokwenda na maji, vyote vilikuwa juu ya kichwa chake.

Bi Mwanakombo aliitwa kutoa ushahidi. Alipewa kiti kwa ajili ya magoti yake.

"Bibi," alisema hakimu, "maji yaliingia kwako lini?"

"Jumatatu asubuhi, Mheshimiwa."

"Jumatatu hapakuwa na mafuriko."

"Nilikuwa juu ya paa, Mheshimiwa."

Hakimu alipekua majalada yake, akashauriana na karani, akapekua tena.

"Mahakama haikatai kwamba ulikuwa juu ya paa," alisema hatimaye. "Iandikwe kwamba shahidi alipanda paa kwa sababu zake binafsi."

Makame alihukumiwa kwa huruma, maana lilikuwa kosa lake la kwanza. Hakufungwa. Alifukuzwa kazi, akanyang'anywa nyumba na gari, na mahakama ikaamuru kwamba neno lolote atakalosema kuhusu maji, yawe mengi au machache, halitakuwa na nguvu yoyote katika Jamhuri ya Mbelembele. Wahisani nao, walipoona picha za mashua, walituma misaada maradufu, kwa hiyo Rais alirudi na uso mkunjufu, na Dokta Bakunja akaapishwa kuwa Waziri wa Mafuriko. Fulana mpya zikagawiwa, zenye picha ya ndoo iliyojaa.

Makame alihamia na mama yake na mkewe na wanawe kwenye vyumba vya kupanga juu kilimani, akaanza kulima bustani ya mchicha. Ilistawi vizuri. Ardhi ilikuwa imelowa hasa.

Mwili wa Faki ulipatikana mbali, kwenye mashamba ya wilaya nyingine, na ukazikwa na watu wasiomjua. Arobaini yake ikasomwa Bondeni, uwanjani, chini ya turubai, kwa kuwa nyumba yake haikuwepo. Makame alikwenda akakaa nyuma kabisa, kwenye ukingo wa mkeka, akitumaini asionekane. Dua ilipokwisha na sinia za pilau kuanza kupita, Riziki alitoka upande wa wanawake, akaja kusimama mbele yake. Watu wakaacha kula.

"Bwana Makame."

"Naam, shemeji."

"Cheti cha mume wangu kinasema kafa kwa ukame. Nimekwenda wilayani, nimekwenda mkoani. Wananiambia siku aliyokufa mafuriko yalikuwa hayajaanza, wewe ndiwe uliyeyaanzisha kesho yake. Wameniambia nijivunie, ni shujaa wa kiu." Sauti yake ilikuwa tulivu, sauti ya mtu aliyekwisha kulia kwingine. "Watu aliowabeba wako hapa, wanakula. Wanajua. Lakini wewe ndiye uliyekuwa serikali siku ile, na ulikuwa umesimama ukingoni ukiona. Nataka niisikie kwako."

Makame alinyanyuka.

"Shemeji, neno langu halina kazi tena. Mahakama imesema."

"Mimi sikukuuliza la mahakama."

Alitazama turubai zima. Alimwona mke wa mshona viatu akiwa na mwanawe mapajani, akamwona yule kikongwe wa cherehani, akamwona mama yake akimwangalia bila kumsaidia.

"Faki alikufa kwa mafuriko," alisema Makame. "Alikuwa akiokoa watu. Mashua zilikuwepo. Niliweza kuziita siku ile ile, na sikuziita."

Riziki alisimama akiyasikiliza, kichwa ameinamisha, kama anayapima uzito.

"Rudia," alisema. "Wa nyuma hawakusikia."

Makame akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.